Daktari wa Posta

Kijiwe chetu kina benchi la miguu mitatu na tofali, birika langu, na watu wazima wasiojua kunyamaza. Mimi ndiye mwenye birika, wananiita Moto, na kweli sina subira na mpuuzi anayekunywa bila kuchangia mazungumzo. Asubuhi ile Gundi, fundi viatu, alikuwa ameshika kiatu cha mteja na sindano, lakini hashoni. Kesho wanakuja kumposa binti yake. Wakwe watauliza binti anafanya kazi gani, na baba mtu hajui.

Gundi: Kwenye simu niliwaambia bado anasoma. Wakaniuliza, kwani anarudia darasa?

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Gundi hakucheka. Ilimuuma, na nilimwona.

Volti (huyu ni fundi umeme): Si alishakuwa daktari wa chuo kikuu? Siku ile tulirukaruka hapa mpaka benchi likavunjika mguu!

Gundi: Ndio huohuo udaktari. Sasa kapata nafasi nyingine ya kujifunza, kwenye maabara ya kansa. Inaitwa pos... posdoki.

Volti: Posa? Posa si inakuja kesho?

Nahau: Posta, wewe! Posta!

Nahau ni karani mstaafu. Methali anazo gunia zima, ila huzitoa bila kuangalia.

Nahau: Ni daktari wa posta. Unaandika barua unaumwa wapi, yeye anakujibu na kidonge ndani ya bahasha. Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka.

Mimi: Ngazi imeingiaje hapo?

Nahau: Kwani posta haina ngazi?

Volti: Achana naye, Gundi. Mimi nilimsikia binti kwa masikio yangu, anasema kazi yao ni mambo ya kuwasha na kuzima. Fundi umeme mwenzangu yule! Kansa ni shoti tu. Unatafuta waya mwekundu, unakata.

Mimi: Waya mwekundu mwilini si mshipa wa damu huo?

Volti: Ndiyo maana wanasoma muda mrefu.

Nahau: Basi kitambi nacho kina swichi! Mvi zina swichi! Tutafungiwa mita kifuani, ukichelewa kulipa unazimika katikati ya sente...

Akanyamaza hapohapo, mdomo wazi, kuonyesha mfano. Volti akamfinya ili awake.

Gundi: Jamani, kesho! Nikiwaambia wakwe mwanangu anazima vitambi, si watageuza gari?

Binti mwenyewe akatokea kwenye kona, mkoba begani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama, — Gundi akajibu, haraka kama aliyefumaniwa.

Nahau: Daktari, tusaidie. Udaktari unao. Sasa nani tena anamfundisha daktari?

Binti: Mzee wangu, posdoki ni mafunzo ya utafiti baada ya udaktari. Kule nyuma nilijifunza kulijibu swali nikiwa na mtu wa kunishika mkono. Sasa najifunza kulitafuta swali langu mwenyewe, na kuwaongoza wengine kulijibu. Mwalimu yupo, ila anasimama mbali kidogo.

Volti: Na swichi?

Binti: Mjomba hujakosea sana. Chembe ya jicho na chembe ya ini zina kitabu kilekile cha maelekezo. Juu yake kuna alama: hapa soma, hapa ruka. Kwenye kansa unaweza kukuta kurasa zimeharibika, na alama nazo zimevurugika. Chembe inasahau kazi yake, inabaki kuzaana tu.

Nahau: Shemeji yangu huyo!

Binti: Basi tunatafuta namna ya kuzirekebisha zile alama, chembe ikumbuke kazi yake.

— Samahani, wazee wangu.

Lo! Mwenye kiatu! Alikuwa amesimama nyuma yetu kwa mguu mmoja muda wote huo, na sisi tumemsahau.

— Mimi niliugua hiyo, — akasema. — Nimetibiwa, wameniambia niko safi. Naomba kuuliza kimoja tu. Chembe ikishakumbuka, haisahau tena?

Gundi akamtazama mwanawe.

Binti: Sijui, dada yangu. Na mwalimu wangu hajui. Ndicho ninachokwenda kujifunza.

Yule dada akamkazia macho. Kisha akaangua kicheko, mguu mmoja ukayumba, ikabidi amshike binti bega.

— Sasa umesimama hapa na hawa unafanya nini? Wahi, mwanamke! Wahi!

Nahau: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tukageuka wote. Methali ilikuwa imekaa mahali pake.

Gundi alikuwa anashona sasa, tena kwa kasi, huku anacheka na machozi yanamtoka.

Gundi: Nimepata la kuwaambia! Mwanangu anajifunza kitu ambacho hata mwalimu wake hakijui. Waniulize tena kama anarudia darasa!

Akamvisha yule dada kiatu kwa mikono yake mwenyewe. Wakaondoka pamoja, dada na daktari, wanaongea kama waliozaliwa tumbo moja. Furaha niliyoipata, sikuwadai wenzangu hata pesa ya kahawa.

Nahau akanyoosha kikombe.

— Kwa hiyo, Moto, posta haihusiki kabisa?

Nikaligeuza birika juu chini. Kahawa ilikuwa imekwisha.