Meseji ya Sare Iliyofika Makote

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana leo sauti yangu mimi ni ndogo. Wengi mnanijua: Mama Baraka, fundi cherehani, yule wa sare za shule hapa Masasi. Wengine husimama hapa kushuhudia walivyopona ugonjwa. Mimi nimefunguliwa kwenye kiburi, na kiburi changu kilimwumiza mtu ambaye hakunikosea chochote.

Kwa miaka mingi wateja wangu niliwaweka kwenye daftari. Baba fulani wa Chidya, mama fulani wa Chilangala, na mbele ya jina vipimo vya watoto: kifua, kiuno, urefu wa sketi. Mtu akija, kwanza habari za nyumbani, futi ya kupimia baadaye. Kazi ya kuchosha, nakiri! Mtu katoka Newala na habari zake zote, na wewe una rundo la sketi za kupinda.

Basi kwenye semina ya wajasiriamali tukaonyeshwa programu za simu za kutunza wateja. Nikabaki na mbili za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa ndogo: inatunza majina, vipimo na maelezo, basi, kumpigia mteja unampigia mwenyewe. Ya pili ilikuwa inatuma meseji yenyewe. Unaiandikia salamu mara moja, inamsalimia kila mteja kwa jina lake na la mtoto wake. Mume wangu akaziangalia zote mbili akasema, "Mama Baraka, chukua hii ndogo. Salamu ni ya mtu na mtu." Nikamcheka. Nikamwambia yeye ni mtu wa jembe, aniachie biashara. Nikachukua ile ya pili, ndugu zangu, na niliichukua kwa sababu moja tu: nilitaka watu waone nawajali, bila mimi kuhangaika kuwajali.

Na ilichapa kazi! Niliweka "Shikamoo" mwanzoni mwa kila meseji, ikawaamkia wote, mpaka wateja mabinti walio wadogo kwangu wakawa wananicheka. Wateja wazee, wao walipiga simu kuitikia. Babu mmoja wa Chidya alipiga mara tatu asubuhi moja, anataka tu kusema marahaba na kuuliza kama wazazi wangu hawajambo. Sikupokea. Nilimwona ananipotezea muda. Mungu anisamehe.

Sasa nisikilizeni. Huko Makote nilikuwa na mteja, Mama Zainabu, mkulima wa korosho, dada yetu Mwislamu. Tangu Zainabu anaanza darasa la kwanza, sare zake nilishona mimi. Msimu wa korosho uliopita mtoto akaugua homa, siku nne tu, akafariki. Nilikwenda msibani! Nilikaa mkekani na akina mama, nikalia. Sisemi kwamba sikujua. Nilijua.

Niliporudi nilifungua programu ili nitoe jina la mtoto. Nikakuta kwenye jina la mteja nimeandika "Mama Zainabu", hakuna lingine. Na programu haikubali jina liwe tupu. Nikitoa la mtoto, lazima niweke la mama mwenyewe. Ndugu zangu, nilikuwa silijui! Miaka yote hiyo namwita kwa mwanawe, sijawahi kumwuliza yeye anaitwa nani. Nikaona aibu kuulizia. Nikafunga simu, nikasema nitaweka sawa siku nyingine.

Siku nyingine haikufika. Shule zilipokaribia kufunguliwa, niko nakata vitambaa, simu ikaita. Alikuwa Mama Zainabu. Hakunisalimia. Alisoma taratibu: "Shikamoo Mama Zainabu. Shule zinafunguliwa. Zainabu amekua, mlete tumpime sare mpya." Halafu akaniuliza, "Mama Baraka, nimlete kutoka wapi?" Akakata.

Nilipiga, hakupokea. Kwa hofu nikafanya la haraka: nikafuta kila kitu chake kwenye programu, jina, vipimo, vyote. Halafu nikaanza kujitetea kwa mume wangu kwamba kosa ni la programu. Siku tatu nilijaribu kuomba nikashindwa. Siku ya nne nikamwambia Bwana ukweli: si programu, ni mimi. Hapo ndipo nikapata nguvu ya kupanda gari la Newala, na bodaboda mpaka Makote.

Nilimkuta uani anabangua korosho. Nilipiga magoti mchangani nikaungama yote, na mwisho nikasema, nikidhani namfariji, "Jina nimeshalifuta, dada yangu. Halitakuumiza tena."

Aliacha kubangua. Kisha akasema, "Umelifuta? Na wewe? Tangu tumzike, watu hapa wananiita 'mama' tu, wanaogopa kulitaja. Meseji yako ilinichoma, ndiyo. Lakini naisoma kila siku, maana hakuna mwingine anayelisema. Mimi ni Mama Zainabu. Nani kakwambia ufute?"

Nililia kuliko nilivyolia msibani. Nikamwita Mama Zainabu pale pale, tukakaa tukamzungumzia mtoto: alivyokuwa hatulii akipimwa, alivyotaka sketi ndefu kama wasichana wakubwa. Mama akatabasamu kidogo. Akaniuliza, "Mara ya mwisho ulipompima, alikuwa amefika urefu gani?"

Nikatoa simu. Ndugu zangu, hapakuwa na kitu, na daftari nilishaacha kuliandika tangu nipate programu. Nilikuwa nimefuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Alisema amenisamehe, na namwamini. Lakini wadogo zake Zainabu sasa wanashonewa na fundi mwingine, na sina neno. Programu ile nimeiacha, nimechukua ile ndogo isiyosema chochote. Napiga simu mwenyewe, napokea marahaba za wazee mpaka ziishe. Namshukuru Bwana amenitoa kwenye kiburi, ingawa majuto hajaniondolea, na sijamwomba ayaondoe.

Kama upo hapa na unamjua mama aliyezika, na unakwepa jina la mwanawe ukidhani unamhurumia, mtumaini Mungu, atakupa kinywa. Usitume meseji. Nenda ukapige hodi, na umwite jina lake lote, pamoja na la mwanawe.