Tabitha Gathoni Kingori, Aliyeuliza Ni Nani Amechora

Tabitha Gathoni, ambaye wengi wenu mlimwita Tabby, alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1986 hapa Gathuthi, Tetu, wiki ambayo mvua ilikata barabara na mkunga akaletwa kwa miguu. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Kingori na dada yangu Wacera, na msichana wa kwanza, kwa hivyo akapewa jina la nyanya yake mzaa baba.

Kingori alikuwa mtu wa kupiga chapa magunia kwenye kiwanda cha kahawa. Alikuwa na bati lililokatwa herufi, analiweka juu ya gunia na kupaka rangi nyeusi. Tabby alipenda kukaa hapo akitazama. Siku moja, akiwa na miaka mitano hivi, alimwambia, "Baba, hiyo herufi imelala." Kingori alimfukuza aende nyumbani. Lakini jioni alilishika lile bati kwenye mwanga akaona ni kweli, herufi imeinama kidogo, na magunia ya msimu mzima yalikuwa yameenda hivyo. Alikata bati lingine. Hadithi hii aliirudia mpaka alipofariki mwaka 2011, na kila mara alicheka peke yake kabla ya kuimaliza.

Tabby alisoma shule ya msingi hapa karibu, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1999, kisha sekondari ya wasichana upande wa Othaya mpaka 2003. Vitabu vyake vilirudi nyumbani vimejaa picha pembeni, na mama yake alichapwa na maneno ya walimu kila siku ya wazazi. Mwaka 2005 alienda Nairobi kusomea grafiki, akamaliza 2007. Mimi mjomba wake sikusoma sana, na nilipomuuliza hiyo ni kazi gani, aliniambia ni kupanga vitu mpaka jicho lijue pa kuanzia.

Alifanya kazi miaka mitano katika duka la kupiga chapa mjini Nyeri. Mwaka 2013 akafungua lake, orofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu. Alitengeneza kadi za harusi, kalenda, na programu za mazishi kama hii mnayoshika. Lakini kazi iliyokuwa moyoni mwake ilikuwa Alhamisi. Siku hiyo alifunga duka akatembea: Karatina, Sagana, Kagio, Wang'uru. Alitafuta michoro kwenye kuta za vinyozi, vibanda vya matunda, milango ya mashine za mchele. Kwa sababu mimi nilikuwa nimezoea kuzunguka, mara nyingi alinichukua. Akiona picha nzuri alisimama katikati ya njia akauliza wenye duka, "Ni nani amechora?"

Sasa, watu walimuogopa. Mwanamke mwenye kamera na kitabu, anauliza habari ya vibao, wote walijua huyo ametumwa na kaunti kudai ada. Wang'uru tulikuta kuku amechorwa kwenye ukuta wa hoteli, na mbele yake mama mmoja, Katunge, ameshika brashi yenye rangi ileile. Katunge akasema hajui aliyechora. Akasema pengine ni mtu wa kupita. Akasema hata yeye hapendi hiyo kuku. Tabby akafunga kitabu.

"Basi pole," akasema. "Nilitaka tu kumwambia huyo mtu kwamba kuku wake anatembea."

Katunge akaitazama brashi yake. "Kama ni hivyo," akasema, "ni mimi."

Ndivyo alivyowapata wengi. Mutahi wa Kagio, anayechora ndizi na nyanya kwenye vibanda, alimkataa mara mbili. Anita, aliyekuwa akipaka kucha Sagana, leo anachora vitabu vya watoto. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi Tabby alibandika kazi zao ukutani dukani, kila moja na jina la mwenyewe chini yake kwa herufi kubwa. Vijana wa vyuo walitoka hata Chuka kuja kutazama. Aliwaambia wasitafute mambo mazuri kwenye simu tu, watoke watembee.

Mume wake, Dishon Ouko, ni afisa wa polisi, mzaliwa wa Siaya. Walikutana mwaka 2013 alipokuja na tangazo la ng'ombe aliyeibwa. Hakukuwa na picha, kwa hivyo Tabby alimchora kwa maelezo ya mwenye ng'ombe, mpaka pembe moja iliyovunjika. Ng'ombe alitambuliwa Kagio baada ya wiki moja. Ouko akarudi kushukuru, kisha akarudi tena, na mara ya tatu Tabby akamuuliza ni nini kimepotea sasa. Ouko alisema, "Hakuna. Nimekuja tu." Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 2014, wakabarikiwa na Emmah na Maxwel.

Agosti 2023 alipatikana na saratani ya matiti. Alipasuliwa, akatibiwa, akarudi kazini amefunga kitambaa kichwani. Februari mwaka huu wa 2025 ugonjwa ulirudi, na sasa ulikuwa kwenye mifupa. Mwezi huohuo daktari wa macho alimwambia Wacera kwamba jicho lake la kulia limekwisha na la kushoto linafuata, pengine lisifike Krismasi.

Tabby hakulia mbele yetu. Aliniambia, "Anko, mama amewaambia watu wa kanisa miaka yote ati mimi napiga chapa. Hajawahi kuona kitu yangu. Nataka aone kabla macho hayajafunga."

Akaanza picha ya kutembea, ile vijana wanaita animesheni, ya dakika nne. Ni yule kuku wa Katunge. Anashuka ukutani Wang'uru, anapita ndizi za Mutahi Kagio, anavuka daraja la Sagana, anapanda Karatina, na kila ukuta anaopita una mchoro na jina la aliyeuchora. Anakuja mpaka hapa Gathuthi, mlangoni kwa Wacera. Kila sekunde moja ni michoro kumi na miwili, yote kwa mkono. Alichora kitandani nyumbani na kitandani hospitali. Ouko alipomsihi apumzike alimjibu, "Baba Emmah, nikilala sasa, kuku atabaki Sagana."

Alituacha Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, mume wake akiwa karibu naye.

Jumapili iliyofuata tulikaa sebuleni kwa dada yangu tukaitazama ile picha, na Wacera tulimweka karibu kabisa na televisheni. Aliona. Alitaja Karatina kwa jina. Alicheka kuku alipoteleza kwenye matope yetu. Halafu, kuku alipoingia uani, rangi iliisha, ikabaki mistari ya penseli tu, myembamba. Dada yangu akanishika mkono. "Mwai," akasema, "macho yangu yamekwisha."

Nikamwambia hapana, ni Tabby aliyeishia hapo.

Katunge na Mutahi walikuwa nyuma yetu. Walisema kwa heshima kwamba wanaweza kuipaka rangi sehemu hiyo na kumalizia mlango, iwe tayari kabla ya mazishi. Wacera hakugeuka. Aliomba irudishwe mwanzo wa ile penseli, akaitazama tena, uso ukikaribia kugusa kioo.

"Msiiguse," akasema. "Hapo ndipo mkono wake ulifika."

Kwa hivyo itaonyeshwa leo kanisani jinsi ilivyo.

Ameacha mama yake Wacera. Mume wake Dishon Ouko. Watoto wake Emmah na Maxwel. Kaka yake Wambugu. Mimi mjomba wake Mwai. Wakwe, mashemeji na jamaa wa Siaya. Na wachoraji wa miji hii, ambao wengine tumejua majina yao kwa sababu yake.

Bwana ampokee, ampumzishe. Alikuwa amechoka sana.