Mwanafunzi wa Kumi na Mbili: Risala ya Darasa la Filamu, Shule ya Cwm Helyg

Mgeni rasmi, Bwana Emrys Vaughan, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule; Mwalimu Mkuu; walimu wetu; wazazi mlioomba ruhusa kazini; wanafunzi wenzetu, hamjambo.

UKARIBISHO

Sisi wanafunzi wa somo la Filamu, kidato cha sita, tunakukaribisha chumba namba tisa. Tunajua una shughuli nyingi, na mvua ya bonde hili haina adabu kwa mtu yeyote. Keki zilizo mbele yako, zile za kwetu Wales za kukaangwa, zimepikwa na bibi yake Iestyn, mwenzetu. Alisema, "Ale kwanza. Mwenye njaa hasaini kitu." Tumemtii.

HISTORIA YA SOMO

Somo lilianzishwa na Bi. Nerys Pugh miaka kumi na minne iliyopita, akiwa na wanafunzi sita na shuka lililotundikwa ukutani. Hapa filamu haitazamwi tu. Inasimamishwa, inarudishwa nyuma, tunaulizana kwa nini kamera imekaa huku na si kule, nani kaonyeshwa na nani kaachwa nje. Kisha tunaandika kurasa nne. Wazazi wengine bado wanauliza, "Sasa utakula picha, mwanangu?" Hatuwalaumu. Lakini wewe mwenyewe, kila Jumatatu kwenye bucha, huwaeleza watu jinsi kamera ilivyoificha pasi haramu ya mbele kwenye raga ya Jumamosi. Mheshimiwa, hilo ndilo somo letu, na unalimudu.

MAFANIKIO

Mwaka jana watahiniwa wote tisa walifaulu. Mmoja sasa anahariri picha za habari huko mjini Cardiff.

Vilevile tulitengeneza filamu ya dakika tano kuhusu mzee anayekula pai peke yake bwaloni. Mzee huyo aliigizwa na Bwana Gethin Prosser, mtunza majengo wa shule hii. Tulipiga picha mchana kutwa, tukaisahau saa ya ukutani iliyokuwa nyuma yake. Kwa hiyo Bwana Gethin anaanza kutafuna saa sita na robo, na tonge hilohilo analimeza saa tisa kasoro dakika tano. Ukumbi mzima ulicheka. Yeye akasema, "Pai za hapa ndivyo zilivyo." Tangu siku hiyo ndiye anayepanda ngazi kuisimamisha saa kabla hatujawasha kamera.

Siku ya onyesho ulinyanyuka mara tu majina ya walioshiriki yalipoanza kupita. Wengi hufanya hivyo. Darasani kwetu hanyanyuki mtu hadi jina la mwisho lipite, maana hata aliyeshika taa ana jina. Ukiwa unatoka ulimuuliza Mwalimu Mkuu, "Hivi hili ni somo au matembezi?" Kinasa sauti chetu kilikuwa bado kimewashwa.

CHANGAMOTO

Bodi imepitisha kwamba somo lisilofikisha wanafunzi kumi na wawili wa kidato cha tano litafutwa Septemba. Waliojiandikisha ni kumi na mmoja. Tumemtafuta wa kumi na mbili hadi kwenye timu ya raga, wakatucheka.

Sisi tunamaliza Juni, hatujiombei. Somo likifutwa, Bi. Pugh ataondoka, na wadogo zetu watalifuata bonde la pili, mwendo wa saa nzima kwa basi. Lowri, mdogo wake Iestyn, amesema hapandi basi hilo, bora aache shule. Tunamjua, ataacha kweli. Jambo hili linatuuma.

OMBI

Ombi ni moja. Wiki iliyopita Bwana Gethin alitukuta tunahesabu majina upya, kana kwamba yangeongezeka. Akaegemea ufagio wake.

"Mmepungukiwa wangapi?"

"Mmoja tu, mzee wetu."

"Mimi niliacha shule nina miaka kumi na mitano. Huu mwaka wa nne nasimama hapo mlangoni nawasikiliza, chai yangu inapoa. Hiyo kanuni inataja umri?"

Tuliisoma mara tatu. Haitaji. Akajaza fomu palepale, kwa herufi kubwa. Penye "mzazi au mlezi" aliandika: WOTE MAREHEMU. Kilichobaki ni saini ya Mwenyekiti wa Bodi.

HITIMISHO

Tunakuombea afya, barabara isiyo na ukungu hadi nyumbani kwako, na Jumamosi ya ushindi. Wenye risala hii ni Darasa la Filamu, kidato cha sita, Cwm Helyg. Aliyeisoma kwa niaba yao ni mimi, Cerys Bevan. Kwa desturi yetu tunamalizia na majina, ya wale wanaoingojea Septemba. Tunakuomba ubaki umeketi mpaka la mwisho. Saa ya ukutani imesimamishwa, kwa hiyo hujachelewa popote.

Lowri Maddocks. Tomos Beynon. Anwen Rees. Ifan Gittins. Mali Probert. Osian Treharne. Heledd Morgan. Steffan Lloyd. Non Parry. Macsen Hopkin. Elan Bowen.

Gethin Prosser, miaka sitini na mmoja. Amekaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na leo amevaa tai. Fomu yake iko chini ya sahani ya keki. Kalamu iko kuliani kwako.