Kilichompoza Bosko

Mimi hushona viatu hapa soko la Tulia, kando ya mashine ya kusaga unga, na benchi lililo mbele yangu ni la kijiwe chetu. Katunge, tunayemwita Mama Flaski, huleta kahawa ya tangawizi saa nne. Musembi, fundi wa malori aliyestaafu, ni Injini. Mutunga, aliyewanyoa wanaume wa soko hili miaka thelathini, bado ni Kinyozi hata sasa mikono ikitetemeka. Alhamisi ya soko alikuja na habari kwamba anampeana mbwa wake, Bosko.

KINYOZI: Mursal wa Tseikuru atamchukua leo, yule hununua mbuzi hapa. Nimechoka na mbwa wa kulala.

INJINI: Bosko? Si huyo alikuwa anatoroka mpaka Mutonguni akisikia kuna jike?

KINYOZI: Alikuwa! Anarudi siku ya tatu, sikio limeraruka, na bado anafukuza pikipiki. Tangu daktari wa mifugo amhasi mwaka jana, kwisha. Mgeni anaingia, yeye anafungua jicho moja tu.

INJINI: Sasa ukitoa kabureta, gari itanguruma aje?

MAMA FLASKI: Wacha uongo. Kilichomharibu ni raha. Zamani mbwa alikula isyo, mahindi na maharagwe yaliyobaki, akalala kwa majivu. Huyu anakula chapati na kusikiza redio. Huyo si mbwa, ni mtu wa Nairobi.

INJINI: Basi niwaambie ukweli. Bosko ameokoka. Spika ya kanisa si inaangalia kwa Kinyozi? Amesikia mahubiri mwaka mzima, ameacha dhambi.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kinyozi alicheka pia, halafu akazungusha kikombe.

KINYOZI: Mngemwona wakati wa Mbithe.

Mbithe alikuwa mke wake. Tulimzika Agosti mwaka jana.

KINYOZI: Asubuhi anafunga mitungi kwa punda, anapiga mluzi. Mwanamke, na anapiga mluzi kama mchungaji wa mbuzi! Bosko anaruka ua. Mimi niko kitandani, nawasikia wakienda silanga kuteka maji, Mbithe anamwongelesha njia nzima. Anamwambia bei ya sukari. Ananisengenya.

MAMA FLASKI: Na siku ya soko alikuwa analala chini ya meza yangu, akilinda kiondo cha Mbithe. Ukikigusa, unaonyeshwa meno.

INJINI: Mimi aliniuma. Hapa.

Akakunja suruali na kutuonyesha kovu, akijivunia kama medali. Tukaliangalia sote.

Mursal alitokea upande wa mnada wa mbuzi, kamba mkononi. Alitusalimia mmoja mmoja, akakataa kahawa kwa sababu lori lilikuwa linapakia.

MURSAL: Mzee, amehasiwa?

KINYOZI: Sitakuficha. Amehasiwa, ndiyo maana amepoa.

MURSAL: Mimi nataka huyo. Asiyehasiwa akisikia jike, ananiachia fisi mbuzi zote. Niko na watatu waliohasiwa, na jaribu kukaribia boma uone. Kisu kimewapunguzia kuzurura. Ukali bado wanao.

INJINI: Sasa wa Kinyozi ana shida gani?

MURSAL: Huyo simjui. Wangu wamekua na mbuzi, na watoto, kila siku wako na mtu. Huyu nikimfikisha, nitamfunga karibu na mtu wa kumzoea. Nyumbani kwako huwa anamfuata nani?

Kinyozi akaweka kikombe chini.

KINYOZI: Mimi humwekea chakula.

MURSAL: Hapana mzee, sijauliza chakula. Akiamka asubuhi, anamfuata nani?

Mama Flaski alishika flaski yake bila kumimina. Injini alishusha mguu wa suruali. Mimi nilijifanya natafuta uzi. Kinyozi aliangalia kamba mkononi mwa Mursal, akaiangalia sana.

KINYOZI: Nenda tu na mbuzi zako, Mursal. Nitakupigia simu.

MURSAL: Hakuna shida. Mbwa ni wako.

Hakumpigia. Jumanne nikiwa nafungua kibanda nilimwona Kinyozi kwenye barabara ya silanga, fimbo mkononi, kofia ya kanisa kichwani. Bosko alikuwa hatua ishirini nyuma, mnene, mzito, akisimama kila kichaka kana kwamba anakumbuka kitu. Akiketi, Kinyozi anasimama. Hakumtukana, hakumrushia jiwe.

"Twende basi," nilimsikia akisema. "Mimi pia magoti yananiuma."

Bosko aliendelea kuketi, akiangalia njia. Kinyozi akatafuta jiwe kubwa kando ya barabara, akalipangusa vumbi, akaketi pia, amngoje.