Billa Thomassen, Jirani Tuliyembishia Hodi

Ndugu, majirani na nyote mliofika kanisani licha ya upepo huu, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya shangazi yangu Billa, ambaye mwenyewe aliagiza pasifichwe kitu.

Billa alizaliwa tarehe 2 Novemba 1951 hapa kijijini, kusini mwa kisiwa cha Suðuroy, akasoma mjini Tvøroyri hadi mwaka 1967, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha samaki, ambako kisu chake kilisifiwa kwa wepesi na ulimi wake ukaogopwa kwa ukali. Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na baharia Hanus, wakajaliwa binti mmoja, Turið.

Januari 1981 alianza kusikia sauti zikimwambia kwamba chombo cha Hanus kimezama, akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia wake za mabaharia wasiwasubiri waume zao. Chombo kilirudi kimejaa samaki, lakini hakusamehewa, kwa maana hapa kwetu hata aliyeota jambo hilo hulimeza asilitamke. Alilazwa hospitalini Tórshavn, madaktari wakasema ni skizofrenia, na aliporudi mwezi Mei alikuta kijiji kizima kinambishia hodi.

Kwetu mlango wa jirani husukumwa tu, na anayebisha ni kasisi, akileta habari za aliyefia baharini. Tulibisha kwa kuogopa tutamkuta katika hali gani, na kila tulipobisha Hanus akiwa safarini, Billa aliufungua mlango akiwa ameshakuwa mjane moyoni. Huo ulikuwa ukatili, tuuite kwa jina lake.

Tarehe 29 Julai 1983, sikukuu ya Ólavsøka, alisukuma mlango wa jirani yake Elspa, akaketi jikoni, akasema, “Elspa, nimeugua, sijahama, hebu weka kahawa.” Elspa akamimina, kahawa ikamwagika mezani, Billa akamtazama, “Haya, kichaa ni mimi, mbona anayemwaga ni wewe?” Wakacheka mpaka wakalia, na tangu hapo Elspa aliingia kwake bila kubisha, wengine wakafuata taratibu, ingawa wapo humu ndani waliobisha hadi mwisho, nao wanajijua.

Alitumia dawa miaka yote, akaugua tena mara mbili, akarudi kazini mara mbili. Hanus alitangulia mwaka 2016, na Billa alifariki tarehe 9 Machi mwaka huu kwa ugonjwa wa moyo, Elspa akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, majirani, na Elspa kuliko wote.

Mjukuu wake Vár, aliyeketi benchi la mbele akiwa amevaa koti la kijani, amekuwa akisikia sauti tangu Oktoba, na ameomba nilisome hili akiwa hapa hapa, kabla hamjaanza kunong’ona. Lala kwa utulivu, Billa, na Mungu atuzuie tusimtende mtoto huyu tuliyokutenda wewe.