Mwiko Utatungojea Sake

Wandugu, vigelegele musipige bado. Wengine wenu hapa kanisani mulikuwa munasogeza kiti mbali nikikaa karibu. Sitaji jina, kila mutu anajijua.

Munajua waasi walitutoa Rutshuru, tukaanza maisha upya hapa Goma, mutaa wa Murara. Hiyo nilivumilia. Kisha nikaanza kuona damu chooni. Waganga wa hospitali wakasema ni kanseri, kwenye mwisho wa utumbo. Wakanipasua kwa matundu madogo tu, wakaingiza na kamera, wakatoa kipande kibaya, utumbo wakauunga. Munganga akaniambia, "Papa, kiungo kipone kwanza. Kwa muda, choo kitapitia hapa tumboni, kiingie mu sashe, kifuko cha plastiki cha kubandika. Kiungo kikipona, tutafunga hili tundu."

Kwa muda! Mimi nilielewa. Ninyi mukaelewa nini? Eti muzee amelogwa. Eti muzee anatembea na musalani yake. Na wakubwa wa kanisa, watu wa kravati shingoni, wakanitumia neno nisalie nyumbani, nisiharibu hewa. Hewa ya Goma, jamani! Vumbi yote hii, moshi yote ya volkano, lakini muharibifu ni mimi. Ptuu! Nilipata haya mpaka nikaapa sirudi hospitali kufungwa tundu. Kuonyesha tumbo tena kwa watu? Afazali nife nalo.

Bon. Volkano ikalipuka, tukaambiwa tuhame mbio. Nikashika njia ya Sake na mukamwana wangu, bibi ya mutoto wangu. Mutoto mwenyewe alikuwa Vitshumbi kwa kazi ya samaki. Karibu na ziwa la Lac Vert, mu ile kusukumana, sashe ikabanduka. Choo kikatiririka mpaka kwenye viatu. Ndugu zangu, nawaambia, nilitamani lava inikute pale pale.

Na kravati zangu mbili za kanisa walikuwa hapo hapo. Mumoja akafunika pua, akasema, "Shetani anamutoka." Mutu anakimbia mulima unaowaka, na bado anapata nafasi ya kudharau!

Sasa musikie vizuri. Kwetu sisi wa Kinyarwanda, mukamwana hataji jina la baba mukwe. Hata neno linalofanana nalo analikwepa. Kuona tumbo lake ndiyo usiseme. Ule binti akapiga magoti kwenye mawe, akafungua kikwembe chake cha kiunoni, akanizungushia. Akanisafisha na maji yetu ya kunywa. Nikamuambia, "Mama, acha, ni mwiko."

Akajibu, "Mwiko utatungojea Sake, Papa. Geuka kidogo."

Nililia kama mutoto. Haya yangu yote ikaishia pale njiani. Tuliporudi Goma nikaenda mwenyewe hospitali, nikafungua shati bila kuombwa. Kiungo kilikuwa kimepona. Wakafunga tundu, na waasi waliporudi nilikimbia na tumbo zima, kama mutu yeyote.

Aksanti kwa waganga. Aksanti kwa mama jirani aliyenipikia uji na hakuuliza kitu. Ukiona damu chooni, nenda hospitali, usitafute mulozi. Na ukiona sashe tumboni mwa mutu, ujue kuna kitu kinapona ndani.

Mukamwana wangu ameketi pale nyuma. Mpaka leo hataji jina langu. Ninyi munalitaja vizuri kila siku ya Mungu, na ile siku hakuna hata mumoja aliyenishika mukono.