Dada Yetu wa Dirishani

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba mnitegee sikio kidogo niwasomee safari ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la blogu yake, Dirishani.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, katika nyumba iliyopakana na kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi baba yetu, akabembelezwa na mngurumo wa mitambo, kiasi kwamba ikizimwa aliamka akilia. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1971 hadi 1977 na sekondari hadi 1981, ambako walimu walilalamika kwamba mwili uko darasani lakini macho yako nje, nasi tukamtania hivyo hivyo hadi utu uzima.

Mwaka 1985 aliajiriwa gazetini kuwa msahihishaji, na tarehe 4 Novemba 1989 akafunga ndoa na mwandishi wa gazeti hilohilo, ambaye leo ni mhariri wake mkuu, wakajaliwa mabinti wawili. Alipopunguzwa kazini mwaka 2006, aliweka kompyuta kwenye dirisha la jikoni, ghorofa ya tatu, akaanza kuandika aliyoyaona mtaani, ukungu ulivyotulia juu ya mapaa, taa za barabarani zilizosahaulika zikiwaka mchana kweupe, na siku moja, ufa uliokuwa ukirefuka kwenye ukuta wa soko.

Shemeji alicheka, akasema habari za dirishani si habari, lakini wachuuzi waliosoma walihama, na ukuta ulipoanguka haukumgusa mtu. Kesho yake gazeti liliandika yote, likimtaja kama mtandao mmoja tu, bila jina. Dada yetu aliumia, tena sana, akamnunia mumewe mwezi mzima, ingawa chai alimpikia. Tangu hapo waandishi wakawa wanaanza siku kwa kusoma Dirishani, wakaiga hata desturi yake ya kutofuta kosa bali kulipitishia mstari na kuandika lililo sahihi pembeni, na bado akabaki mtandao mmoja.

Alianza kuugua figo Januari mwaka jana, akawa akisinzia mbele ya kompyuta, akiandika mtaa na ndoto pamoja, hadi alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 mwezi huu, alipotutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliompandishia maji ngazi zote zile, na wafanyakazi wenzake wa zamani.

Msiba huu shemeji aliutangaza kwanza Dirishani, akaliacha gazeti lake lingoje, na leo asubuhi, ukurasa wa kwanza, limeandika kwamba chanzo cha habari ni Dirishani, likafuatisha majina yake yote matatu. Lala kwa utulivu, dada yetu, umetajwa.